Je, Ni Haki Kutabiri Msimu Ambao Haujaanza?

Ligi ya mpira wa miguu ya Burundi humalizika katikati ya mwaka, na hazipiti wiki mbili kabla karatasi ya kwanza haijabandikwa ukutani katika nyumba tunayopanga sisi wanafunzi hapa Gitega. Karatasi hiyo huwa na majina ya timu 16, yamepangwa kuanzia bingwa hadi mshika mkia, na juu yake huandikwa mwaka wa msimu ujao. Wakati huo wachezaji wako mapumzikoni. Usajili haujafunguliwa. Wapo makocha ambao hawajui kama mwezi wa Agosti watakuwa na kazi. Lakini sisi tumekwisha kujua nani atachukua kombe na nani atashuka daraja.

Katika insha hii nataka kujadili swali ambalo wenzangu wengi wanaliona dogo: je, mtu ana haki ya kutamka mwisho wa safari ya watu wengine kabla wao hawajaianza? Najua nitaambiwa kwamba huo ni mchezo tu, na kwamba hakuna aliyekufa kwa sababu ya karatasi ya ukutani. Mimi mwenyewe huiandika karatasi hiyo pamoja na wenzangu, na naipenda. Hata hivyo naamini kwamba ndani yake kuna jambo la kimaadili linalomgusa hata asiyejua mpira, maana hakuna mwanafunzi anayesoma insha hii ambaye hajawahi kutabiriwa. Mwalimu wa darasa la sita alitutabiria. Majirani walitutabiria. Wengine kati yetu tuko chuoni kinyume cha utabiri, na wengine waliokuwa wakitabiriwa makubwa hawakufika.

Kwa sisi tuliozaliwa ndani ya Kirundi na kujifunza Kiswahili sokoni na shuleni, neno la kwanza la kulitazama ni *ejo*. Kirundi hutumia neno hilo moja kwa siku iliyopita na kwa siku inayokuja. Mtu akisema *naje ejo*, alifika jana. Akisema *nzoza ejo*, atakuja kesho. Kitenzi ndicho kinachoamua. Mgeni anayejifunza lugha yetu huona huu kuwa upungufu. Mimi nauona kuwa uangalifu: msemaji wa Kirundi hawezi kuitaja siku yenyewe kisha akanyamaza, ni lazima aseme pia kama jambo limekwisha kutendeka au bado. Kiswahili kimetupa jana na kesho, maneno mawili yasiyofanana hata kidogo, nasi tukadhani kwamba kwa kuwa tuna maneno mawili tumekwisha kuyatenganisha mambo mawili. Itazame ile karatasi. Kichwa chake kinasema kesho, lakini kuanzia mstari wa kwanza hadi wa 16 ni msimamo wa jana, umeguswaguswa hapa na pale ili usionekane umenakiliwa.

Ndiyo maana utabiri wa mapema hukosea mara nyingi, na mifano ya hapa nyumbani haikosekani. Le Messager ya Ngozi ilichukua ubingwa mwaka 2020, ikauchukua tena mwaka 2021. Mtu aliyekaa katikati ya mwaka 2021 na kuiandika nafasi ya kwanza kwa mara ya tatu alikuwa na sababu nzuri. Bingwa wa mwaka 2022 akawa Flambeau du Centre, timu ya hapahapa Gitega. Au turudi nyuma zaidi, mwaka 2013. Vital'O ya Bujumbura ilikwenda Sudan na kurudi na Kombe la Kagame, ikiwa bora kuliko klabu zote zilizofika huko kutoka Afrika Mashariki na Kati. Mtu angedhani kwamba timu yenye nguvu hiyo nyumbani haishikiki. Lakini ubingwa wa Burundi wa mwaka huohuo ulikwenda kwa Flambeau de l'Est ya Ruyigi. Tena mshambuliaji wa Vital'O, Amissi Tambwe, alisajiliwa na Simba ya Dar es Salaam, na msimu wa 2013/14 akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania. Aliyekuwa ameitabiria Vital'O mambo makubwa mara tu baada ya Sudan alikuwa akiitabiria timu ambayo wiki chache baadaye haikuwapo tena. Jina lilikuwapo, na jezi, lakini mtu aliyekuwa akifunga mabao alikuwa ng'ambo.

Hata hivyo kukosea si dhambi. Wataalamu wa hali ya hewa hukosea, na mkulima aliyelowa hawalaani kwa zaidi ya siku moja. Kama tatizo la utabiri wa mapema lingekuwa ni kukosea tu, dawa yake ingekuwa rahisi: subiri hadi Oktoba, timu zicheze mechi chache, kisha tabiri. Swali langu liko chini ya hapo.

Aristotle aliligusa swali hili kwa mfano wa vita vya baharini. Tuseme mtu anatamka leo kwamba kesho kutakuwa na vita baharini. Je, maneno yake yamekwisha kuwa kweli au uongo hivi sasa, kabla ya kesho kufika? Kama yamekwisha kuwa kweli, basi vita haviepukiki, na hakuna haja ya majemadari kukaa na kushauriana. Kama yamekwisha kuwa uongo, vita haviwezekani, na mashauriano pia ni bure. Aristotle hakukubali kwamba kushauriana ni bure. Wasomi bado wanabishana ni nini hasa alichojibu, lakini alichokuwa akikilinda kinaonekana wazi: alikuwa akilinda nafasi ya mtu kufikiri na kutenda. Mimi nikiusoma mfano huo nikiwa Gitega, ninaona uwanja wa Ingoma asubuhi, vijana wakikimbia kuuzunguka. Kama sentensi "Flambeau du Centre watakuwa mabingwa" ilikuwa imekwisha kuwa kweli mwaka mzima kabla, mbio zile zilikuwa maonyesho tu ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Hakuna mtu aliyewahi kukimbia asubuhi yenye baridi ya Gitega atakayelikubali hilo.

Kuna tofauti nyingine ambayo kwangu ni nzito zaidi. Mvua haisikilizi redio. Ukisema kesho itanyesha, wingu halikati tamaa wala halijivuni. Watu husikia. Mwanasosholojia Robert K. Merton aliandika mwaka 1948 juu ya utabiri unaojitimiza wenyewe, na mfano wake ulikuwa benki: benki ni nzima kabisa, lakini watu wanaambizana kwamba itaanguka, kila mmoja anakimbilia kutoa fedha zake, na jioni benki imeanguka kweli. Mwenye uvumi anaweza kusimama siku ya pili na kusema, "Nilisema." Na kweli alisema. Asichokitaja ni kwamba kusema kwake kulikuwa sehemu ya sababu.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka katika nchi ambayo utabiri wa mapema ulikuwa na nguvu ya kisheria, nao ni wa vyuo vikuu. Marekani wana mpira wao wenyewe, ule wa umbo la yai unaobebwa mikononi, na timu za vyuo vikuu hujaza viwanja vikubwa kuliko uwanja wowote wa kwetu. Vyuo hivyo ni vingi mno kucheza vyote kwa vyote, kwa hiyo kwa miaka mingi waandishi wa habari na makocha walipiga kura kila wiki kusema nani wa kwanza, nani wa pili, na kuendelea. Kura ya kwanza hupigwa kabla msimu haujaanza. Mwaka 2004 waandishi waliiweka timu ya chuo kikuu cha Southern California, USC, nafasi ya kwanza, Oklahoma ya pili, na Auburn ya 17. Kisha msimu ukaanza, na zote tatu zikashinda kila mechi hadi mwisho wa ratiba yao. Fainali ilikuwa na nafasi mbili, na mpangilio uliochagua timu hizo ulitegemea kwa sehemu kubwa kura hizohizo. Walioanza juu hawakupoteza, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kushushwa. Auburn walimaliza na ushindi 13 katika mechi 13, wasipewe nafasi hata ya kuucheza mchezo wa ubingwa. Tangu msimu wa 2014 Wamarekani wameanzisha mchujo wa timu nne, na mwaka 2024 wakauongeza kuwa wa timu 12. Mimi nauelewa uamuzi huo kama kukiri kwamba kubahatisha kwa mwezi wa Agosti kulikuwa kumegeuka ukuta.

Hapa msomaji atanikatiza: karatasi yenu ya Gitega haina kura, haimzuii mtu kucheza fainali. Kweli. Katika ligi ya kila timu kucheza na kila timu, pointi ndizo zinazoamua, na hili ni jambo la kushukuru. Lakini pointi hutafutwa na watu wanaokula, wanaosafiri, wanaolala mahali. Klabu za mikoani kwetu haziishi kwa tiketi za mlangoni. Huishi kwa mkono wa mfanyabiashara fulani, kiongozi fulani, mzaliwa wa mkoa aliyefanikiwa Bujumbura. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta kila mtu anajua maana ya kuisafirisha timu kutoka Muyinga kwenda Makamba na kuirudisha. Mfanyabiashara anayeombwa asaidie safari hiyo anasikiliza mazungumzo ya mtaani kama watu wengine. Akisikia kila kona kwamba timu hii ni ya kushuka tu, mkono wake unarudi mfukoni, na timu inafika uwanja wa ugenini imechoka, au haifiki. Baadaye tunahesabu: tulitabiri, imetimia.

Upo utabiri ambao haukosei na wala haukusababisha lolote, nao una tatizo lake. Agosti 2024 Vital'O, bingwa wetu, alipangwa na Young Africans katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Muyinga iko karibu na mpaka wa Kobero, redio za Tanzania zinasikika, na Simba na Yanga wana wafuasi humo kuliko timu nyingi za Burundi. Kwa hiyo kule utabiri ulikuwa mkali zaidi kuliko hapa. Walisema Vital'O watafungwa mengi. Mechi ya kwanza ikawa mabao 4 kwa 0, ya pili 6 kwa 0. Watabiri walikuwa sahihi mara kumi. Lakini ukimwuliza mmoja wao kwa nini ilikuwa hivyo, jibu ni fupi: "Sisi Warundi ndivyo tulivyo." Hapo ndipo ninapopinga. Mechi zote mbili zilichezwa Dar es Salaam, hata ile iliyokuwa ya nyumbani kwa Vital'O, kwa sababu nchi yetu haikuwa na uwanja uliokubaliwa kwa mashindano hayo. Uwanja kutokubaliwa si tabia ya Warundi. Ni matokeo ya maamuzi: nani alipanga bajeti, nini kilitangulizwa, nini kiliahirishwa. Yanga kuwa na fedha za kumsajili mchezaji kutoka popote ni matokeo ya maamuzi pia, ya watu wengine, mahali pengine.

Hili ndilo kosa la kimaadili ninaloliona katika utabiri wa mapema, na ni zito kuliko kukosea matokeo: unayachukua matendo ya watu na kuyafanya kama hali ya hewa. Ukisema "watashuka" kwa sauti ileile unayosema "itanyesha", umewaondolea dhamana wale wote waliokuwa na uwezo wa kubadili jambo: mwenye fedha, mwenye ofisi, kocha, mchezaji mwenyewe. Na wewe mtabiri umejiondolea pia. Anayetazama wingu hadaiwi kitu.

Nikifika hapa, rafiki zangu wa msikitini na wa kanisani huniambia kwamba jambo hili dini ilikwisha kulimaliza. Kesho ni ya Mungu. Majina yetu yenyewe yanasema hivyo: Bigirimana, kwamba mambo yana Mungu, Nzeyimana, kwamba namwamini Mungu. Waislamu wa Muyinga hawatamki jambo la kesho bila inshallah, na sura ya Al-Kahf inamwelekeza mwamini asiseme atafanya jambo kesho bila kuliweka chini ya mapenzi ya Mungu. Naliheshimu hilo, na naona lina hekima ambayo karatasi yetu haina: linalazimisha sentensi ibebe alama ya kutojua kwake. Lakini nimewasikia watu wakilitumia neno hilo kwa namna mbili. Mmoja husema inshallah kisha akaenda kufanya sehemu yake. Mwingine husema inshallah ili asiulizwe alifanya nini. Huyu wa pili ni ndugu wa mtabiri wetu. Wote wawili wameipeleka kesho mahali ambapo mikono yao haifiki, na wamestarehe.

Kuna jambo la nyumbani linalonifanya niliandike swali hili kwa uzito huu. Mwezi wa Juni mjomba wangu wa Muyinga alinipigia simu. Mtoto wake ana miaka 19, amemaliza shule, anacheza winga ya kushoto katika timu moja ya daraja la pili. Ndugu yetu mwingine ana duka Kabanga, ng'ambo ya Kobero upande wa Tanzania, na anahitaji kijana wa kumsaidia kabla ya Septemba. Mjomba hakunizungusha.

"Mwanangu, wewe umesoma, na mpira unaujua. Hiyo timu ya mdogo wako mwaka ujao itapanda au itabaki palepale?"

Nilielewa alichokuwa akiuliza. Timu ikipanda, huenda kijana akapata posho, akaonekana, akasajiliwa. Isipopanda, ni mwaka mwingine wa kula nyumbani, na duka la Kabanga litakuwa limepata kijana mwingine. Alitaka neno moja, na neno langu lingekuwa na uzito kwa sababu niko chuoni. Nilimjibu kwamba swali la kupanda siwezi kulijibu, na atakayemjibu kwa hakika anambahatishia maisha ya mtoto wake. Nikamwambia ninayoyajua: kwamba nimeitazama timu hiyo ikicheza, kwamba kijana ana mguu mzuri lakini hucheza dakika chache, na kwamba mambo mawili yanaweza kuulizwa palepale Muyinga kwa siku moja: je, kocha anabaki, na je, anamhesabu kijana huyu kati ya wachezaji 11 wa kuanza?

"Sasa nyinyi huko mnasoma nini?" akasema mjomba. Alikuwa akitania, lakini si sana.

Nikamwuliza kama kijana mwenyewe ameulizwa anataka nini. Kukawa kimya kidogo kwenye simu. Kisha akasema, "Yeye bado mtoto."

Nimekifikiria kimya kile mara nyingi. Mjomba si mtu mbaya. Amewalea watoto saba kwa kuuza mchele sokoni, na kila mwaka wa maisha yake ameulipia kwa kukisia bei ya mavuno yajayo. Mtu kama huyo hawezi kuambiwa asitabiri kabisa. Mkulima anayepanda mahindi mwezi wa Septemba anatabiri. Mweka hazina wa klabu anatabiri, la sivyo hawezi kupanga mishahara. Ninachokipinga ni ule utabiri unaochukua nafasi ya kuuliza. Ilikuwa rahisi zaidi kunipigia simu mimi Gitega, kilomita nyingi kupitia Karuzi, niseme nini kitatokea, kuliko kumwita kijana aliye chumba cha pili na kumwuliza yuko tayari kufanya nini ili kitokee. Hadi ninapoandika, kijana yuko Muyinga, na duka la Kabanga bado linamngoja. Sijui kama atakwenda, na sidhani kwamba akibaki nitakuwa nimeshinda hoja, wala akienda nitakuwa nimeshindwa.

Hapa inafaa kutenganisha kutabiri na kutumaini, maana mara nyingi tunayachanganya. Machi 23 mwaka 2019, Burundi ilicheza na Gabon katika uwanja wa Prince Louis Rwagasore jijini Bujumbura. Sare ilitutosha kufika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Gabon walikuwa na Aubameyang. Cédric Amissi akafunga, kisha dakika chache baadaye mchezaji wetu mwenyewe akaugusa mpira ukaingia golini kwetu, ikawa 1 kwa 1, na dakika zilizobaki sitazisahau. Watu waliojaa uwanjani siku ile hawakuwa wakitabiri. Mtabiri angeweza kubaki nyumbani na kusubiri aone kama alisema kweli. Anayetumaini hana budi kwenda, kusimama, kupiga kelele, kuwa sehemu ya jambo. Kule Misri tulifungwa na Nigeria, na Madagascar, na Guinea, bila kupata hata bao moja, na waliotabiri hivyo walikuwa sahihi tena. Sioni kwamba usahihi wao uliwapa chochote ambacho wale wa Machi 23 hawakuwa nacho.

Wengine husema kwamba mcheza kamari angalau ni mkweli kuliko mtabiri wa bure, kwa kuwa ameweka fedha yake. Hoja hiyo hainishawishi. Ni kweli analipa akikosea, lakini anajilipia mwenyewe tu. Kipa aliyeitwa mbovu wiki nzima halipwi fidia na tiketi iliyochanika. Tena fedha ile inamfanya atamani mtu fulani aanguke, mtu ambaye hajamkosea kitu.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya mwenzangu wa chumba. Aliposikia ninaandika insha hii aliniambia ninataka kuwaharibia raha. Kati ya Juni na Agosti hakuna mechi, alisema, na karatasi ile ndiyo inayotukusanya jioni. Ukiiondoa, utabaki na vijana sita, kila mmoja na simu yake. Ana haki. Kubishana juu ya timu ambazo hazijacheza ni namna ya kuziweka hai wakati zimelala, na ni namna ya sisi kujuana: kwa miaka miwili nimejua tabia za wenzangu kwa jinsi wanavyozitetea timu zao kuliko kwa jinsi wanavyojibu mitihani. Siwezi kudai kwamba maadili yanatutaka tukae kimya hadi Oktoba. Ningekuwa nimeondoa udugu ili kulinda haki ya watu ambao wengi wao hawajui kama karatasi yetu ipo.

Kwa hiyo nilipendekeza kitu kidogo. Mwaka huu karatasi ina safu ya pili. Kando ya nafasi ya kila timu, aliyeiweka pale anaandika sababu, na kama sababu ni jambo linaloweza kubadilishwa na mtu, anaandika ni nani. Kazi hiyo ilituchukua usiku kucha, kwa sababu mstari mmoja uliokuwa ukiandikwa kwa sekunde tano sasa ulihitaji ubishi wa nusu saa. Kwa mabingwa haikuwa shida, sababu zilijaa hadi pembeni. Tulikwama katika mistari ya chini. Kuna timu moja ya kaskazini ambayo wote sita tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba itashuka, hakuna aliyepinga. Ilipofika zamu yake, tuliulizana nani ameiona ikicheza msimu uliopita. Hakuna. Mmoja wetu alichukua kalamu na kuandika katika safu ya sababu: "Tumesikia." Imeandikwa hivyo hadi leo. Ratiba ikitoka tutatazama inakuja lini Gitega, na tumekubaliana kwenda kuitazama, wote sita.